Bomba la plastiki haliufanyi waya wa ndani ufae kuzikwa

Wengi huamini kwamba waya wa kawaida wa nyumbani, ukipitishwa kwenye bomba la plastiki, unaweza kuzikwa bustanini kwa kuwa maji hayaufikii. Yanaufikia. Hata viungio vikigundishwa vizuri, hewa ya ndani hupoa usiku, mvuke hugeuka matone, na matone hutuama sehemu ya chini kabisa. Bomba hupunguza makali ya jembe, si unyevu.

Kwa volti 230, nunua kebo ya kuzikwa yenye deraya (gamba la kinga) ya nyuzi za chuma, deraya hiyo iungwe na ethi (waya wa kuunganisha na ardhi), na saketi ilindwe kwa swichi ya miliampea 30 inayokata umeme unapovuja. Kina cha mtaro hufuata kanuni za mahali.

Kwa taa za bustani za volti 12, volti hizo haziui kirahisi, ila zinaadhibu waya mwembamba. Taa zenye jumla ya wati 60 huvuta ampea 5. Zikiwa mwisho wa mita 20 za waya wa milimita 1.5 za mraba, hupotea takriban volti 2.4, na mwanga hufifia. Kwa milimita 4 za mraba hupotea chini ya volti 1.

Maungio ya chini ya udongo yafungwe kwenye kisanduku cha kumiminiwa gundi inayoganda. Utepe mweusi wa mafundi huachia, na shaba hugeuka kijani.