Kiwanja Hakina HOA, Sawa. Masharti Umesoma?

Simu ya aina hii huingia Jumapili mchana, watu wakishakula. "Fundi, nimepata kiwanja! Ekari mbili, kaskazini ya Houston, hakuna HOA, RV ruksa." Nami nauliza swali lile lile: masharti ya hati umesoma? Kimya kidogo. "Masharti gani tena kaka, si nimekwambia hakuna HOA?"

Ninajenga nyumba huku Texas mwaka wa kumi na moja sasa, na kazi nyingi ninazopata siku hizi ni za watu wenye RV, yale magari makubwa yenye kitanda, jiko na choo ndani, ambayo wastaafu wa Kimarekani huzunguka nayo nchi nzima. Wateja wangu wengine ni Wabongo na Wakenya waliokula maisha kwenye malori. Wamenunua RV watembeze familia, halafu wakagundua mtaa wanaoishi hauruhusu iegeshwe mbele ya nyumba hata kwa wikiendi moja.

Kwa mlioko nyumbani, HOA ni chama cha wenye nyumba. Ukinunua nyumba kwenye mtaa wake, umeshakuwa mwanachama utake usitake. Unalipa ada, na chama kinakupangia rangi ya ukuta, urefu wa nyasi, na gari gani lionekane barabarani. Ni kama mjumbe wa nyumba kumi, ila huyu ana mwanasheria. Mwaka 1987, katika kesi ya Inwood North dhidi ya Harris, Mahakama ya Juu ya Texas iliamua kwamba chama kinaweza kuipeleka mnadani nyumba ya mtu kwa deni la ada, hata ile anayoishi na familia yake, ambayo katiba ya jimbo huilinda dhidi ya wadai wengi. Kwa hiyo ninawaelewa wanaokimbia.

Tatizo ni kwamba wanakimbia chama, wanasahau karatasi. Masharti ya matumizi ya ardhi hayakai kwenye chama. Yamesajiliwa kwa karani wa kaunti, na yanaifuata ardhi kila inapouzwa. Mtu aliyekata shamba lake viwanja miaka ya 70 aliandika masharti yake siku ile. Chama huenda hakikuwahi kuundwa, au kiliundwa kikafa, na masharti bado yanapumua. Jirani yako mwenye kiwanja kilichokatwa kutoka shamba lilelile anaweza kukupeleka mahakamani kwa masharti hayo, bila chama chochote. Houston yenyewe ndiyo jiji kubwa kuliko yote Marekani lisilo na sheria ya kugawa maeneo ya makazi na biashara, na kwa sababu hiyohiyo serikali ya jiji ina uwezo wa kufungua kesi kutetea masharti ya hati.

Kuyapata si kazi. Kabla ya kukamilisha mauzo, kampuni ya hati, ile inayokagua umiliki wa kiwanja, itakupa waraka wa ahadi ya bima ya hati. Fungua Jedwali B, kipengele cha kwanza kabisa. Hapo ndipo masharti yaliyosajiliwa yanapotajwa kwa namba ya kitabu na ukurasa. Omba nakala yenyewe, usiridhike na namba, halafu kaa nayo na chai. Mimi natafuta mambo manne. La kwanza, RV iegeshwe wapi: popote, nyuma ya mstari wa mbele wa nyumba, au ndani ya jengo lililofungwa tu? La pili, kama kuna sentensi inayokataza kuishi ndani ya RV "kwa muda au kwa kudumu", maana wengi hupanga kulala humo wakati nyumba inajengwa. La tatu, ukubwa wa chini wa nyumba na aina ya ukuta. Wateja wengi wanataka barndominiamu, nyumba na gereji chini ya paa moja la chuma, na masharti ya zamani hupenda sana kudai matofali. La nne ni la madereva: gari la biashara. RV kuruhusiwa hakukupi ruhusa ya kulaza kichwa cha lori uani. Kaka mmoja nilimsomea mstari huo kwa sauti mara mbili; mara ya pili alicheka, akaenda kutafuta kiwanja kingine.

Niseme na hili, kwa kuwa nimelikuta kwenye makaratasi kwa macho yangu. Masharti ya zamani, ya kabla ya vita vya pili na muda mfupi baadaye, mara nyingine yana kifungu kinachosema asiye mzungu haruhusiwi kuishi pale isipokuwa kama mtumishi wa ndani. Mwaka 1948, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mahakama haziwezi kukitekeleza kifungu kama hicho, na sheria ya makazi ya 1968 ikakimaliza. Kwa hiyo hakina nguvu. Lakini wino bado upo, na kinashtua ukikisoma ukiwa umeshika kalamu ya kununua.

Baada ya hati, kaunti. Kaunti za Texas kwa kawaida hazina mamlaka ya kukuambia ujenge nini wapi, na hata leseni ya jimbo ya ukandarasi wa jumla haipo. Mafundi kama wa umeme na wa bomba ndio wenye leseni, sisi wajenzi tunajulikana kwa kazi zetu. Ila kaunti itataka kibali cha mfumo wa maji taka, kibali cha kalavati kama unavuka mtaro wao, na kibali cha bonde la mafuriko ikiwa ramani ya mafuriko ya FEMA, shirika la maafa la serikali kuu, imekigusa kiwanja chako. Hapo mwenye RV awe makini. Kwa kanuni za bima ya mafuriko ya serikali kuu, RV ndani ya eneo la hatari iwe pale kwa chini ya siku 180 mfululizo, au iwe na usajili wa barabarani, juu ya magurudumu yake, tayari kuondoka. Ukiijengea ngazi na veranda ya kudumu, inahesabiwa kama nyumba, na itabidi inyanyuliwe na kufungwa chini kama nyumba. Waliokuwa hapa kimbunga Harvey kilipopita mwaka 2017 hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Sasa ramani. Wateja huja na picha ya jikoni kwenye simu. Mimi nauliza RV iko wapi, nachukua ngazi na futi kamba, napanda. Kitabu cha gari kitasema futi 12 na nusu; juu ya paa kuna kiyoyozi na antena ambavyo kitabu hakivijui. Sehemu kubwa ya Marekani kimo cha mwisho barabarani ni futi 13 na inchi 6, kama mita 4.1, na bodi huwa na upana wa hadi futi 8 na nusu bila vioo. Mlango wa kawaida wa gereji una kimo cha futi 7. Wa RV mimi naweka futi 14 kwenda juu na 12 kwenda pembeni, na sipunguzi hata mteja akinililia bei. Mlango huo ndio unaopandisha ukuta, ukuta unapandisha paa, na ghafla jikoni lile la kwenye simu limehamia upande wa pili wa nyumba. Ni sawa. Nyumba inaweza kusogea kwenye karatasi. Gari la futi 40 halikunji.

Halikunji hata kwenye kuingia. Barabara za vijijini huku zina mtaro kila upande, na kalavati la upana wa gari dogo ni mtego. RV ndefu ina mkia mrefu nyuma ya magurudumu ya mwisho. Pua ikipanda, mkia unashuka na kukwaruza lami. Ninapanua kalavati, ninalegeza mwinuko, na ninaomba lango likae ndani angalau urefu wa gari zima ili asisimame barabarani akitafuta rimoti. Zege la njia ya kawaida ni inchi 4. Gari la dizeli la tani 16 juu ya udongo wetu wa mfinyanzi, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, linahitaji inchi 6, nondo, na msingi ulioshindiliwa vizuri.

Umeme ndio umenifundisha kwa maumivu. RV huja na plagi ya aina mbili. Ya ampea 50 ina pini nne na hubeba laivu mbili, yaani waya mbili zenye umeme, volti 240 kati yao, kwa hiyo hadi wati 12,000. Ya ampea 30 ina pini tatu, laivu moja tu, volti 120, wati 3,600. Tofauti ni kubwa kuliko namba zinavyosema. Soketi hii ya ampea 30 kwa macho inafanana na ile ya zamani ya kikaushio cha nguo, na ya kikaushio ni volti 240. Miaka kadhaa iliyopita fundi umeme niliyempa kazi, mwenye leseni na uzoefu wa nyumba tu, aliiona, akasema "ya kikaushio hii", akaweka breka ya nguzo mbili, ya volti 240. Mteja akachomeka. Maikrowevu ilipiga kelele kama paka aliyekanyagwa, chaja ya betri ikatoa moshi, na kiyoyozi hakikuwaka tena. Nililipa mimi, kwa sababu kazi ilikuwa yangu. Tangu siku hiyo hakuna anayechomeka chochote kabla sijaweka mita mwenyewe: laivu kwa nyutro, 120; na kwenye ya ampea 50, laivu kwa laivu, 240. Waya ninazika inchi 18 ndani ya bomba la plastiki.

Maji taka watu huyaacha mwisho, na hapo ndipo hela inapotoka. Udongo wa huku haunywi maji, kwa hiyo nyumba nyingi nje ya mji zina mfumo wa kupulizia hewa: bakteria wanakula uchafu, maji yanatiwa klorini na kunyunyiziwa uani. Mchoraji wa mfumo hupiga hesabu kwa vyumba vya kulala na ukubwa wa nyumba. Asipojua kwamba RV itamwaga galoni 40 kwa mkupuo mmoja, hesabu yake ni ya nyumba nyingine. Mwambie kabla. Dawa za choo cha RV zenye formalini nazo huua bakteria walewale unaowalipia umeme, ziache dukani. Halafu kuna mteremko: mimi naupa bomba robo inchi kwa kila futi, kwa hiyo egesho likiwa futi 60 kutoka kwenye tangi, bomba limeshashuka inchi 15 kabla ya kufika. Niambie egesho liko wapi kabla sijachimba tangi.

Anayetaka kuona haya yakiwa yamekamilika aende Livingston, kaunti ya Polk, mwendo wa saa moja na ushee kutoka Houston. Escapees, klabu ya watu wa RV iliyoanzishwa 1978 na Joe na Kay Peterson, ina makao yake makuu huko. Tembea taratibu, angalia milango na njia zinavyokaa, na ukimkuta mzee nje msalimie. Wanapenda sana kueleza makosa yao.

Kitu cha mwisho ambacho dalali hakitaji ni barabara. Kaunti hutunza zile tu ilizozipokea. Nyingine ni za binafsi, na bila chama hakuna ada, na bila ada hakuna kokoto. Mtaani kwangu tuko nyumba tisa. Kila mwaka baada ya mvua za masika mmoja wetu anapita na daftari kama mwenyekiti wa mchango wa harusi, tunaleta kokoto lori mbili, na mwenye trekta anasambaza. Mwaka huu zamu ilikuwa yangu. Wawili bado hawajalipa, na mmoja wao ndiye mwenye RV nzito kuliko zote.