Ukisoma habari ya vita, uliza ripota alikuwa wapi

Kila vita vikianza mahali, iwe Sudan, Kongo hapo jirani ama Ukraine, simu zinajaa video na watu wanabishana stejini nani anashinda, na mimi kama mtu wa maktaba hapa Kisumu naona kuna swali tunaliruka sana: huyu anayetuambia alikuwa wapi, na nani alimpeleka huko?

Kazi ya ripota wa vita wengi wanaihesabu kuanzia vita vya Crimea dhidi ya Urusi, 1854, William Howard Russell wa gazeti la The Times alipofuatana na jeshi la Uingereza. Hakuwa mwanajeshi, hakuna jenerali alikuwa anasahihisha karatasi zake, kwa hivyo akaandika vile aliona, majeruhi wamelala bila dawa, kipindupindu, mipango mibovu kabisa. Wakubwa walimchukia lakini wasomaji walikasirika, na 1855 serikali ya waziri mkuu Lord Aberdeen ikaanguka kwa sababu ya vile vita viliendeshwa. Majeshi yakajifunza hapo. Ndio ukaona baadaye vibali, barua kukaguliwa, na Iraq 2003 Wamarekani wakabeba mamia ya waandishi ndani ya vikosi vyao. Sasa fikiria, unalala na kikosi, unakula nacho, wao ndio wanakukinga na risasi. Vita utaviona karibu sana, hofu na jasho lote, lakini mama aliye kwa nyumba inayopigwa hutamuona. Habari yako inaweza kuwa ya kweli kila mstari na bado ikakosa nusu ya vita.

Na tusidhani ni mambo ya Wazungu tu. Mjerumani alipoingia pwani ya Tanganyika 1888, Hemedi bin Abdallah alivitungia vita hivyo utenzi, na Maji Maji ya 1905 ikapata wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi. Mimi nazisoma hizo kama ripoti, manake zina watu, miji na mapigano, na Hemedi hakufichi yuko upande gani, jambo ambalo naliheshimu kuliko ripota anayejifanya hana upande.

Halafu kuna wale ambao hatuwataji. Tarehe 12 Julai 1993 Mogadishu, helikopta za Marekani zilipiga nyumba ambayo wazee na wafuasi wa Aidid, mbabe wa vita wa Somalia, walikuwa wanakutana, waandishi wakaenda kupiga picha, na umati wenye hasira ukawageukia. Walikufa wanne: Dan Eldon, Hos Maina na Anthony Macharia wa shirika la habari la Reuters, na Hansi Krauss wa lile la AP. Wale watu hawakuwa na helikopta, walikuwa na kamera tu, lakini siku hiyo mtu wa kamera alionekana ni wa upande wa waliopiga. Eldon, kijana aliyekulia Nairobi, daftari zake zilitoka kitabu. Maina na Macharia walikuwa wetu kabisa na ukiuliza vijana hapa mjini ni wangapi wanawajua? Inaniuma.

Hapa magharibi pengo letu kubwa ni Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. Vijana wengi wa Nyanza na Magharibi walichukuliwa vita vya pili, na 1944 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikawasukuma Wajapani kwenye bonde la Kabaw kule Burma, mvua ya masika, matope, malaria. Kuna kitabu kizuri cha Gerald Hanley cha 1946 juu ya safari hiyo, lakini ni jicho la Mzungu, askari mwenyewe anaonekana kwa mbali. Alichoona askari kilibaki kwa hadithi za jioni, na karibu wazee wote wameshaenda.

Kwa hivyo kama babu yako alienda Burma, waulize watoto wake sai wakiwa bado wanakumbuka: alikuwa batalioni gani, alipigana wapi, alirudi na nini, nani hakurudi. Andika jina la anayekuambia, na kama aliona mwenyewe ama aliambiwa tu. Barua, medali, picha, piga picha zake mbele na nyuma manake nyuma ndio huwa na tarehe.