Usiku Mmoja Nje ya Njia katika Milima ya Abruzzo: Dhana Potofu na Ukweli

Waliokwisha kupanda Kilimanjaro ndio wa kwanza kuidharau milima ya Abruzzo, mkoa wa katikati ya Italia. Corno Grande, kilele kirefu kuliko vyote katika safu ya Apenini, kina mita 2,912. Hata nusu ya Kibo hakifiki. Vijiji vyenyewe viko chini zaidi: Santo Stefano di Sessanio mita 1,250 hivi, Castel del Monte kama 1,350, na magofu ya ngome ya Rocca Calascio yapo kwenye mita 1,460 hivi. Ukiitazama ramani unaona kwamba kutoka kijiji hadi kijiji ni mwendo wa jioni na asubuhi, na katikati unalala porini. Kwa nini basi ujifunge na alama nyekundu na nyeupe zilizopakwa kwenye mawe ya njia rasmi? Mawazo ya namna hiyo huwaponza watu, na wengi wao ni wakakamavu, si wazembe. Milima ile naipenda, ndiyo maana dhana hizi naona zisiachwe zipite hivi hivi.

“Nje ya njia ni pori tupu”

Si kweli hata kidogo. Ardhi ile imekanyagwa na kondoo kwa karne nyingi. Kila vuli wachungaji wa Abruzzo walishusha mifugo hadi nyanda za Puglia, na kuipandisha tena wakati joto liliporudi, kwa kufuata barabara pana za nyasi ziitwazo tratturi. Kubwa kuliko zote, ile ya L'Aquila hadi Foggia, ina kilomita 244, na upana wake rasmi ulikuwa mita 111. Mwaka 2019 UNESCO iliuweka uhamishaji huo wa mifugo katika orodha ya urithi wa binadamu.

Kwa hiyo anayeacha njia haingii mahali pasipoguswa. Anaingia mahali palipoachwa. Watu walihamia mijini na ng'ambo, mashamba ya ngazi yakafunikwa na miba, na leo misitu inachukua zaidi ya theluthi moja ya Italia. Kutembea humo ni kazi ngumu kuliko kutembea kwenye msitu wa siku zote, kwa sababu chini ya vichaka kuna kuta za mawe zilizobomoka, mashimo ya visima vya zamani na nyaya za uzio zenye kutu.

Kuna jambo moja linalosaidia sana. Njia ya zamani ya watu, hata ikiwa imemezwa na majani, huwa na mstari wa mawe yaliyopangwa upande wa bondeni ili udongo usiporomoke. Njia ya nguruwe pori haina mawe hayo. Inakwenda vizuri hatua thelathini, kisha inazama chini ya matawi kwa kimo cha kiuno na kuwa handaki la miba. Ukijikuta unainama mara kwa mara, jua hujafuata nyayo za binadamu, na urudi ulikotoka mapema.

“Ukipotea, fuata maji yanakoshuka, utawakuta watu”

Hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa kuwa kwingine duniani imewaokoa wengi. Katika vilima vya Italia inaweza kukupeleka pabaya. Vijiji hivi vya kale vilijengwa juu, kwenye migongo ya vilima na kwenye miteremko, kwa ajili ya ulinzi na ili ardhi nzuri ya chini ibaki kwa kilimo. Anayeshuka na maji anazidi kuwaacha watu mgongoni.

Tena milima ya Gran Sasso, kilipo Corno Grande, ni ya mawe ya chokaa. Mvua ikinyesha, maji hayakai juu; hupenya kwenye nyufa na kuibuka mbali kabisa, bondeni. Kijito ulichokuwa ukikifuata kinaweza kutoweka mbele ya macho yako. Kisipotoweka, mara nyingi huingia kwenye korongo jembamba lenye kuta wima, na humo kuna maporomoko unayoweza kuyashuka kwa kuteleza lakini huwezi kuyapanda tena. Mtu hushuka la kwanza, akashuka la pili, la tatu likamshinda, na nyuma hakurudiki. Waokoaji huwakuta watu hapo, wamekwama kati ya maporomoko mawili, na simu haishiki mtandao.

Ukipoteza mwelekeo, simama. Rudi mahali pa mwisho ulipokuwa na hakika napo, hata kama ni kupanda mlima tena kwa saa nzima. Ukishindwa, tafuta mgongo wa kilima ulio wazi, ambako utaona taa za kijiji usiku na simu ina nafasi ya kupata mawimbi.

Ukavu huo wa mawe ya chokaa una maana nyingine: usitegemee kuokota maji njiani. Mabirika ya kunyweshea mifugo yapo, lakini mengine hukauka, na penye kibao cha “non potabile” maji hayo si ya kunywa. Beba ya kutosha tangu kijijini.

“Usiku ni saa kumi na mbili”

Sisi wa karibu na ikweta tumezoea jua linalozama saa kumi na mbili mwaka mzima, na mwili hupanga safari kwa mazoea hayo. Abruzzo katikati ya Juni jua huzama kama saa tatu kasorobo usiku na huchomoza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Mwishoni mwa Desemba linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na urefu wa usiku unakaribia saa kumi na tano. Mtego mbaya uko mwisho wa Oktoba: Jumapili ya mwisho ya mwezi huo saa zote hurudishwa nyuma kwa saa moja, na jua lililokuwa likizama baada ya saa kumi na mbili jioni ghafla linazama kama saa kumi na moja. Nje ya njia, giza likiingia usitembee. Chagua pa kulala kungali mchana.

“Bondeni kuna joto zaidi”

Usiku mtulivu usio na mawingu, hewa baridi ni nzito, hutiririka chini na kutuama kwenye mabonde yaliyofungwa, kama maji kwenye bakuli. Uwanda wa Campo Imperatore na mashimo yake ya mviringo unajulikana kwa baridi hiyo. Lala mita chache juu ya sakafu ya bonde, si kwenye kilele na si kwenye shimo.

Magofu nayo yanavutia, lakini eneo hili ni la matetemeko. Lile la Aprili 2009 liliua watu 309 L'Aquila na vijijini, na likauangusha mnara wa Santo Stefano di Sessanio. Ukuta uliopasuka usiulalie ubavuni.

“Hatari ni mbwamwitu na dubu”

Mbwamwitu wapo, na humkimbia mtu. Dubu wa Apenini ni wachache, makumi tu, wengi wao kusini zaidi, na ni wapole. Mnyama wa kuheshimiwa ni mbwa mweupe wa wachungaji, mkubwa, anayezaliwa na kukulia kati ya kondoo. Wengine huvaa kola ya chuma yenye miiba ili mbwamwitu asiwakamate koo. Kazi yake ni kukuzuia usilifikie kundi. Usikimbie, usiinue fimbo, usipite kati yake na kondoo. Simama, sema kwa sauti ya kawaida, kisha zunguka mbali sana, hata kama mzunguko unakula nusu saa.

“Ni porini, nalala na kuwasha moto nipendapo”

Ndani ya hifadhi za taifa, na Gran Sasso ni mojawapo, kupiga kambi popote kwa kawaida hakuruhusiwi. Nje yake kila mkoa una kanuni zake, kwa hiyo uliza manispaa kwanza. Moto usiwashe kabisa. Agosti 2017 jiko la kuchomea nyama karibu na Fonte Vetica lilianzisha moto uliounguza nyasi na miti ya Campo Imperatore.

“Bila mtandao simu ni tochi tu”

Simu hupokea mahali ulipo kutoka kwenye satelaiti hata pasipo mtandao, mradi ramani umeipakua mapema. Baridi hula chaji, basi ilaze kifuani. Kabla ya kuondoka, mwambie mwenye mkahawa wa kijijini unaelekea wapi na utafika lini. Namba ya dharura ni 112. Mahali simu isiposhika mtandao, toa ishara sita kwa dakika, kwa filimbi au tochi, pumzika dakika moja, rudia. Anayekujibu atatoa tatu. Helikopta ikija, inua mikono yote miwili kama unahitaji msaada. Kama huhitaji, inua mmoja na ushushe mwingine, ili rubani aendelee kumtafuta anayehitaji.