Chakula cha Kijapani Ukiwa Safarini: Yasemwayo Mtwara na Ukweli Wake

Watu wa Mtwara na Lindi wanasafiri kuliko wanavyodhaniwa. Kuna wafanyabiashara wa korosho na ufuta, kuna mabaharia, kuna wanaopelekwa Japani kwa mafunzo ya JICA, shirika la misaada la Wajapani, na kuna wale wanaoishia Dar au Dubai kwa shughuli zao. Wakirudi huja na maneno juu ya chakula cha Kijapani, na baadhi ya maneno hayo humfanya anayefuata ale vibaya, alipe zaidi au alale njaa. Nimeyachukua yale yanayorudiwa sana barazani.

"Wajapani chakula chao ni samaki mbichi"

Wanamla, ila si kwa kila mlo. Mchana mfanyakazi wa Tokyo hula tambi za soba au udoni, rameni (tambi za mchuzi mzito), wali wa kari, au teishoku. Hiyo ni trei yenye bakuli la wali, supu ya miso (soya iliyochachushwa), achari kidogo na kitoweo kimoja. Kitoweo chenyewe mara nyingi ni samaki wa jamaa ya vibua wetu, kapakwa chumvi na kuchomwa mpaka ngozi inapasuka na mafuta yanachuruzika. Mtu wa Mikindani akiwekewa trei hiyo hana haja ya kufundishwa pa kuanzia. Labda atauliza ndimu na pilipili viko wapi. Kwenye vijigahawa vya kawaida hulipi zaidi sana ya yeni 1,000.

Dhana hii huharibu hata namna ya kutafuta. Msafiri anafika Osaka anauliza "mgahawa wa Kijapani" uko wapi, wakati kule migahawa mingi hushika chakula kimoja tu. Wa soba anapika soba, wa tempura anakaanga tempura (samaki na mboga zilizochovywa kwenye uji wa unga), wa mikunga anachoma mikunga toka asubuhi mpaka jioni. Amua kwanza unataka kula nini, ndipo uulize.

"Menyu ndefu ni dalili ya mgahawa mzuri"

Mama lishe anayesifika mjini hana menyu. Ana wali na samaki, saa nane mchana sufuria tupu, na kesho watu wanarudi. Mgahawa wa Kijapani upime hivyohivyo. Ukiwa Dar, Nairobi au Dubai ukakuta orodha moja ina sushi, piza, biriani na tambi za Kithai, huenda vyote vinalika, lakini usitegemee sushi iwe ndiyo waliyoipania.

Mimi naanza na wali. Sushi ni wali uliotiwa siki, sukari na chumvi. Kinachowekwa juu au ndani kinaweza kuwa samaki mbichi, kamba aliyechemshwa, yai au tango. Vipande vya samaki mbichi bila wali huitwa sashimi. Basi wali ukiharibika, sushi imeharibika. Mchele wake ni wa punje fupi zinazoshikana. Mchele wetu wa Kyela, pamoja na sifa zake zote, haufai hapo kwa sababu ileile inayotufanya tuupende: punje zake zinaachana na harufu yake inatawala.

Kwa hiyo kabla hujaagiza sahani ya bei mbaya, agiza cha rahisi kuliko vyote, sushi ya tango au ya yai. Angalia kama punje zinaonekana moja moja au zimepondwa zikawa kama uji ulioganda. Kiguse: wali unatakiwa uwe na uvuguvugu wa mkono, usiwe wa baridi na mgumu kama umetoka kwenye friji. Ukikiinua kishikane, ukikitia kinywani kiachie. Na ukiona kila kitu kimezamishwa kwenye mayonezi na sosi tamu, jiulize wanaficha nini. Jodari wa bei kubwa hatauokoa wali wa namna hiyo.

"Samaki wa leo leo unamla mbichi bila wasiwasi"

Hii naisikia zaidi kwetu kuliko kwingine, maana tumezoea kununua samaki ufukweni ngalawa zikiingia, macho yake yakiwa bado yanang'aa. Upya unahusu ladha na harufu. Minyoo ni habari nyingine. Samaki wa baharini anaweza kubeba minyoo wa jamii ya Anisakis, na samaki huyo anaweza kuwa amevuliwa saa moja iliyopita. Siki haiwaui, ndimu haiwaui, wala wasabi, kile kiungo cha kijani kinachowasha, haiwaui.

Kinachowaua kwa uhakika ni moto au kugandisha kwa nguvu. Mwongozo wa Marekani unataka nyuzi −20 za Selsiasi au chini zaidi kwa siku 7, au kugandisha mpaka samaki awe mgumu kwa −35 na kumweka hapo saa 15. Friza ya nyumbani kwa kawaida huishia −18 hivi, inafunguliwa kila saa, na umeme ukikatika ndiyo basi tena. Jodari wa bahari ya mbali hugandishwa melini kwa baridi inayofika −60, kwa hiyo kipande laini unachosifia mezani huenda kilikuwa jiwe kwa miezi. Sato na sangara usithubutu kabisa kuwala wabichi, maana samaki wa maji baridi wana minyoo wao.

Liko la pili. Jodari na vibua wakikaa juani bila barafu hujitengenezea histamini, ambayo huleta uso kuwaka, kichwa kugonga na mwili kuwasha. Hiyo haiondoki kwa kugandisha wala kwa kupika. Muulize mhudumu samaki wao wanatoka wapi na kama waligandishwa. Akibabaika, agiza tempura.

Samoni naye ana kisa chake. Zamani Wajapani hawakuwa na kawaida ya kumla mbichi, kwa kuhofia minyoo ya samoni wa Pasifiki. Wanorwe, waliokuwa na samoni wa kufugwa na wanatafuta soko, ndio waliomnadi kuanzia miaka ya 1980 mpaka akazoeleka. Leo anayedai sushi ya samoni ni ya mababu anasimulia biashara ya Wanorwe.

"Kizuri lazima kiwe ghali na pahali pa fahari"

Sukiyabashi Jiro, mgahawa wa sushi uliokuwa kwa miaka mingi na nyota tatu za Michelin, kitabu kinachopima migahawa duniani, uko chini ya ardhi, pale kituo cha treni cha Ginza jijini Tokyo, na viti vyake ni vichache. Mwishoni mwa 2019 Michelin waliuondoa kwenye kitabu chao kwa kuwa mtu wa kawaida hawezi kujiandikia nafasi. Huo ni ghali kwelikweli, ila mandhari yake hayakwambii lolote.

Kwa mfuko wa kawaida kuna sushi ya mkanda unaozunguka, aliyoianzisha Yoshiaki Shiraishi huko Higashiosaka mwaka 1958 baada ya kuona mikanda ya kiwanda cha bia. Mara nyingi rangi ya sahani ndiyo bei, unahesabu mwenyewe kabla hujaitwa kulipa. Chini ya maduka makubwa ya mijini kuna ghorofa nzima ya vyakula vilivyopikwa, na jioni karibu na kufunga hubandikwa karatasi za punguzo.

Nyota za mtandaoni nazo zisome kwa akili. Kwenye Tabelog, ambako Wajapani wenyewe hutoa maoni, alama 3.5 ni sifa kubwa, na ukichuja kwa 4.5 ulizozoea kwingine utakosa karibu kila kitu. Mimi naamini zaidi foleni ya watu wa ofisini saa sita mchana.

"Hakuna nguruwe, basi ni halali"

Kwa wengi wetu hapa Kusini hili ndilo swali la kwanza, na jibu lake linahitaji kutulia. Nguruwe ni rahisi kumjua akiwa kipande. Kazi iko kwenye mchuzi: rameni ya tonkotsu huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe, na hata udoni wa mchuzi wa samaki unaweza kutiwa mirini, kileo kitamu cha kupikia, au sake, pombe ya mchele. Mara nyingine huingia mpaka kwenye siki ya wali wa sushi. Kwa hiyo usiulize nguruwe peke yake, uliza na mirini na sake. Kuhusu kilevi kidogo kinachotokea chenyewe sosi ya soya inapochachushwa, hilo muulize shehe wako.

Wanaosema Mwislamu Japani atakula mkate na ndizi tu nao wametia chumvi. Tokyo Camii, msikiti uliojengwa mara ya kwanza 1938 na jengo lake la sasa kufunguliwa 2000, una duka la vyakula halali, na Tokyo kuna migahawa ya rameni halali. Kobe kuna msikiti wa tangu 1935, na mitaa ya karibu ina migahawa na maduka ya nyama halali. Ukifika mji usioujua, anzia msikitini.

"Usipoacha bakshishi watakuchukia"

Japani hawapokei. Ukiiacha mezani, huenda mhudumu akakukimbiza barabarani akurudishie. Ila kwenye vilabu vya pombe na vitafunio unaweza kuletewa kisahani usichokiagiza na ukakitozwa yeni mia kadhaa. Ni kiingilio, si wizi.

"Ule mchuzi wa kijani unaowasha ni wasabi"

Mara nyingi ni mzizi mwingine mkali uliotiwa rangi. Wasabi yenyewe hukunwa papo hapo, na ni ghali.

"Vya kwao na vyetu havikutani"

Vinakutana sana. Karibu ufuta wote unaoliwa Japani hutoka nje, na Tanzania ni mmoja wa wauzaji wake, kwa hiyo mafuta ya ufuta unayoyanusa kwenye bakuli la Tokyo yanaweza kuwa yametoka shamba la Lindi. Pweza wanampenda, na Osaka humkatakata na kumtia ndani ya vidonge vya unga viitwavyo takoyaki. Nje huwahi kupoa huku ndani bado ni moto wa kuunguza ulimi, basi vitoboe kwanza.

Tofauti iko kwenye mwani. Unaolimwa pwani yetu huuzwa kiwandani utolewe karajini ya kugandishia vyakula, haufungii sushi. Unaofungia sushi ni nori, mwani wa aina nyingine, hukaushwa kama karatasi, na mzuri ukiukunja unavunjika kwa mlio. Ndiyo maana tonge la wali, onigiri, linalouzwa maduka ya saa 24 huwekewa plastiki kati ya wali na nori ili mwani usilowane. Limeandikwa 1, 2 na 3: vuta kamba ya 1 kushuka chini mpaka nyuma, kisha chomoa pembe ya 2 na ya 3, ule hapohapo umesimama nje ya duka.