Mfupa wa karibu na goti umegoma kuunga, tufanyaje?

Sista, mdogo wangu ni wa boda hapa Kampala, aligongwa akavunjika paja juu tu ya goti akawekewa chuma, huu ni mwezi wa 10 tangu ajali bado yuko kwa magongo. Ni kawaida kweli?

Si kawaida ndugu yangu, na tafadhali msimwite mvivu. Ikipita miezi 9 na picha za miezi 3 ya mwisho hazina mabadiliko, madaktari wanahesabu mfupa umeshindwa kuunga. Inua eksirei kwa mwanga wa dirisha, utaona kamstari keusi kamekatiza mfupa, na mara nyingi skrubu zimelegea au chuma kimekatika, maana chuma nacho kinachoka kikibeba mzigo peke yake.

Lakini kwa nini?

Hapo mfupa unapasukaga vipande vingi, na kama kidonda kilikuwa wazi damu inayofika mfupani inapungua, wadudu wanaingia. Sigara na kisukari vinachelewesha pia. Ila kuna hili watu hawalijui, goti likishakakamaa, kila akijaribu kukunja mguu kinachokunjika si goti, ni pale pale palipovunjika, sasa mfupa utashikana saa ngapi? Ndio maana nawaomba sana msimpeleke kuvutwavutwa na kuchuliwa.

Operesheni ya pili wanafanya nini?

Wanatoa chuma kilicholegea, wanakwangua kovu lililo kwenye ufa mpaka mfupa utoe damu, vipande vinaenda maabara kutafuta wadudu. Halafu wanaweka chuma kipya cha pembeni, wakati mwingine viwili, au msumari mrefu unaoingilia gotini, na wanachota mfupa wa nyonga wanaujaza kwenye pengo. Goti kama limekakamaa linalegezwa hapo hapo. Kukiwa na usaha wanasafisha kwanza na kumpa antibayotiki wiki kadhaa, na wengine wanafungwa fremu ya Ilizarov, zile pete za nje ya mguu, ambayo inaweza kurefusha mfupa milimita 1 kwa siku, robo milimita kila mara.

Twende wapi, na baada ya hapo?

Hospitali ya Mulago wapo madaktari wa mifupa, hata hospitali ya CoRSU kule Kisubi. Ulizeni pia misumari ya mfupa ya shirika la SIGN, hiyo inatolewa msaada kwa wasio na uwezo. Akishapasuliwa aanze kukunja goti mapema, inauma lakini afanye, kukanyaga asubiri ruhusa. Na mbebe picha zote, hata ile ya kwanza iliyojikunja ndani ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki, daktari anaihitaji kulinganisha.