Netiweki ikiwa ndogo ndo chaji inaisha haraka: simu inavyobana pawa na bado inasikika

Huku kusini hii kitu kila mtu kaiona, simu ukikaa nayo Mtwara mjini inalala na chaji, ukienda nayo shamba huko ndani ndani Tandahimba, hujapiga, hujaingia mtandaoni, ipo tu mfukoni, saa kumi jioni inalia betri imeisha. Lawama anabeba fundi aliyekuuzia betri. Mara nyingi wa watu hana kosa, kinachokula chaji ni umbali wa mnara na vilivyokaa katikati.

Kuna kitu kinaitwa udhibiti wa pawa, yani nguvu ambayo simu inarushia mawimbi. Mnara unapima simu yako inaufikia kwa nguvu gani alafu unairudishia amri, ongeza kidogo, punguza kidogo, na hizo amri sio moja moja, kwenye 3G zinaenda hadi mara 1500 kwa sekunde. Ukiwa karibu na mnara simu inanong'ona tu, ukiwa mbali inapiga kelele mpaka mwisho wa uwezo wake. Simu ya kawaida ya 4G mwisho wake ni wati 0.2, ndogo ukiiona hivyo, ila kile kiwango cha chini kabisa inachoweza kushuka ni karibu mara milioni 2 chini ya hapo. Milioni mbili! Kwahiyo meseji ileile, maneno yaleyale, inaweza kukugharimu chaji tofauti kabisa kutegemea umesimama wapi. Kiswaswadu cha 2G kwenye masafa ya 900 kinaruhusiwa kufika wati 2, japo kinatuma kwa zamu, kipande 1 cha muda kati ya 8, so wastani unakuwa robo wati hivi. Na hapo nimetaja kinachotoka hewani tu, betri inatoa zaidi ya hiyo na nyingine inaishia kuwa joto, ndo maana ukiongea muda mrefu sehemu ya netiweki mbovu sikio linapata moto.

Asa mtu atauliza, si waiweke tu simu itume kwa pawa ndogo siku zote betri ipone? Hapa ndo penyewe.

Ukipunguza pawa kupita kiasi ujumbe unafika umechafuka, mnara unashindwa kuusoma, unaomba urudiwe, na kurudia nako ni chaji. Chukua namba za kufikirika. Tuseme ukituma kwa pawa kamili ujumbe unafika kila mara, gharama yake tuite 1. Ukikata nusu, ukawa unafika mara 9 kati ya 10, ukiweka na hizo za kurudia gharama inakuwa kama 0.56, umeokoa vizuri sana. Ukikata tena ukabaki na robo, ikawa unafika mara 3 tu kati ya 10, wastani unaenda 0.83, yani umebana zaidi alafu umelipa zaidi. Shuka mpaka moja ya nane, ifike mara 1 kati ya 20, unalipa 2.5, mara mbili na nusu ya yule ambaye hakubana kitu. Na hapo hatujahesabu muda ambao simu imekaa macho inasubiri jibu.

Kwahiyo kinachopimwa na wahandisi ni chaji iliyotumika kwa kila ujumbe *uliofika*. Ukiangalia tu chaji ya kutuma utajidanganya. Ndo maana 4G kwa kawaida inalengwa kwamba karibu kipande 1 kati ya vipande 10 vya data kifeli kwenye jaribio la kwanza, wamekubali wenyewe kabisa, sababu kuhakikisha vyote vinafika kwa mara ya kwanza ni ghali kuliko kurudia hicho kimoja, na kurudia kwenyewe kunachukua milisekunde chache tu, wewe unayeongea husikii kitu. Binafsi naona hapo kuna akili nyingi kuliko kwenye mambo yote ya simu yanayotangazwa.

Upande wa pili ni kusikiliza. Simu isiyotumika muda mwingi inasinzia, kama mlinzi wa usiku aliyezoea kazi, inafungua jicho kwa milisekunde chache inacheki kama mnara umeiita, inalala tena. Kwenye 4G mzunguko huo unaweza kuwa sekunde 0.32, 0.64, 1.28 au 2.56, anayepanga ni mtandao. Ukiurefusha betri inapona ila anayekupigia anasubiri zaidi kabla haijaita, na kama siku hiyo netiweki inayumba na simu ikakosa wito wakati imefungua jicho, mnara utarudia kuita mara kadhaa alafu mwenzio anaambiwa namba unayopiga haipatikani kwa sasa, wakati wewe umekaa nayo mkononi hujazima wala nini. Ugomvi mwingi wa mke na mume umeanzia hapo.

Vile vifaa vya kupima, mfano mita ya maji au kipimo cha unyevu shambani, vyenyewe vimeruhusiwa kulala usingizi mzito, kwenye teknolojia ya NB-IoT, mtandao wa simu wa vifaa vidogo kama hivyo, kifaa kinaweza kukaa karibu masaa 3 bila kusikiliza chochote, lengo likiwa betri moja ivuke hata miaka 10. Na vikiwa sehemu mbaya vinarudia ujumbe uleule hadi mara 128 ndo usikike. Kwa mita inayotuma mara moja kwa siku haina shida. Kwa mtu anayesubiri meseji ya hela ya korosho, jaribu umwambie asubiri masaa matatu.

Turudi Tandahimba. Simu iliyokaa mfukoni haitumi kila saa, inayoimaliza hapo ni vitu vitatu vinavyokuja pamoja. Netiweki ikipotea inaanza kuisachi, inapekua masafa yote, 4G, 3G, 2G, inakosa, inapumzika, inaanza upya. Ikiipata mbali inajiandikisha kwa mnara kwa pawa ya juu, dakika chache inapotea tena. Na katikati hapo WhatsApp na wenzake wanajaribu kuvuta vitu vyao kimyakimya kwa pawa ileile. Vilima vinachangia, Newala mjini uko juu ukingoni mwa uwanda lakini ukiteremka bonde la Ruvuma ule ukingo wenyewe unakukinga na mnara ulioko juu. Majani ya mikorosho nayo yanakula mawimbi, yakilowa mvua ndo zaidi.

Ukitaka kuona kwa macho yako achana na vile vistari juu ya kioo, kila kampuni inavichora inavyotaka. Kwenye simu nyingi za Android ingia mipangilio, kuhusu simu, hali ya SIM, utaona namba yenye alama ya kutoa na dBm, hicho ndo kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayokufikia. Kwenye 4G ikisoma -75 uko pazuri, -115 uko pabaya, na tofauti ya hizo 40 sio ndogo, kila 10 ni mara kumi, kwahiyo hapo ni mara 10,000. Toka chini ya mti usimame sehemu ya wazi uone inavyocheza.

App za kuokoa betri hazigusi pawa ya kutuma, amri iko kwa mnara. Unachoweza ni kuzima data ukiwa porini, na kama eneo lote ni 2G tu basi iweke 2G isihangaike kutafuta 4G ambayo haipo. Kama hutegemei simu, weka hali ya ndegeni, ila jua hupatikani. Na walioko mpakani, Kilambo au Mtambaswala, simu inaweza kudaka minara ya Msumbiji ikawa inaruka huku na huku inajiandikisha kila saa, chaji inaenda na salio linaenda kwa roaming, yani kutumia mtandao wa nchi nyingine, hapo chagua mtandao mwenyewe kwa mkono uache otomatiki, ukisharudi Masasi uirudishe.