Kukiri polisi si kuwa na hatia

"Kama hakufanya, wakili, kwa nini alisaini?" Swali hilo nimeulizwa tena wiki hii, ofisini kwangu hapa Dodoma, na mzee aliyesafiri kutoka Mpwapwa kwa ajili ya mwanawe, na inaniuma kwamba hata baba wa mshtakiwa huamini kuwa asiye na hatia hawezi kukiri.

Anakiri. Matumizi ya kipimo cha vinasaba (DNA) katika makosa ya jinai yalianza kwa kulidhihirisha jambo hilo: mwaka 1986, huko Leicestershire, Uingereza, kijana wa miaka 17 alikiri mbele ya polisi kwamba amemuua msichana, lakini Alec Jeffreys, aliyeigundua mbinu hiyo mwaka 1984, alipopima damu yake na mbegu za kiume zilizopatikana kwenye miili ya wasichana wawili waliouawa kwa nyakati tofauti, alibaini kuwa mhalifu ni mmoja na si kijana yule. Mhusika halisi alihukumiwa mwaka 1988.

Mtu hukiri kwa kipigo, kwa njaa, kwa kukosa usingizi, au kwa kuahidiwa kwamba akisaini atarudi nyumbani. Ndiyo maana Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaweka ukomo wa msingi wa saa nne za kumhoji aliye chini ya ulinzi, ingawa muda huo waweza kuongezwa, na ndiyo maana upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuthibitisha kwamba ungamo lilitolewa kwa hiari. Ninalowasihi wateja wangu wote, hata wakanichoka, ni hili: mwambieni wakili mapema yaliyotokea kituoni, kwa sababu pingamizi hutolewa kabla maelezo ya onyo, yaani maelezo ambayo polisi humwandika mtuhumiwa baada ya kumwonya kuwa yanaweza kutumika dhidi yake, hayajapokelewa mahakamani kuwa kielelezo, na anayesubiri hadi zamu ya utetezi huwa amechelewa.

Wapo wanaosema kipimo cha DNA kikishatoka, kesi imekwisha. Kipimo hueleza vinasaba ni vya nani. Hakielezi vilifikaje pale. Aidha, Mahakama ya Rufani, ikiketi hapa hapa Dodoma katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, ilisisitiza umuhimu wa maandishi yanayoonyesha kielelezo kilikamatwa, kikahifadhiwa na kukabidhiwa na nani kwa nani. Nguo yenye damu mbichi iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki huharibika kabla haijafika kwa Mkemia Mkuu. Ikaushwe, iwekwe kwenye bahasha ya karatasi.

Wengine hudhani bila DNA hakuna kesi ya ubakaji. Si kweli hata kidogo: mahakama zetu zinautambua ushahidi wa mwathirika mwenyewe kuwa ndio ulio bora, na ukiaminika unatosha kumtia mshtakiwa hatiani.

Na kwa wanaoapa kwamba walimwona mhalifu kwa macho yao usiku, Mahakama ya Rufani ilikwishaeleza mwaka 1980, katika shauri la mtu aliyeitwa Waziri Amani, kwamba utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu kuliko aina nyingine; ulizeni kwanza taa ilikuwa wapi, yenye mwanga kiasi gani, na umbali ulikuwa hatua ngapi.